Taa Nane za Mzee Mhando

Shughuli yote iligharimu jogoo mmoja, ndoo ndogo ya asali ya Kang'ata, godoro langu la sponji, na usingizi wa Mmasai mmoja ambaye hakuwa na habari nasi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahau Mmasai na hesabu ikakataa kufunga, nilipomweka, ikafunga. Fedha taslimu haikutoka mfukoni mwa mtu, na hilo najivunia mpaka leo. Mwaka ule nilikuwa binti wa kuuza machungwa stendi ya Korogwe, na muuza machungwa anayetoa fedha kwa kitu kinachoweza kubadilishwa na jogoo, huyo arudi shamba akapumzike.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi tulimsomea arobaini Mzee Mhando, aliyekuwa mlinzi wa gesti ya Mama Kijazi, huko kwao Kang'ata. Baada ya dua na pilau, Mama Kijazi aliniita pembeni. Alikuwa amekuja kutoka Korogwe kwa gari la kukodi, na fimbo yake, na sweta lake. Mama Kijazi ni mtu wa Vugiri, amezaliwa kwenye baridi ya milimani, na miaka yote aliyoishi Korogwe hajawahi kuliamini joto; analiona kama mgeni ambaye hajalipa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akanipa kitu kizito kilichofungwa kwenye kitenge. Nilipogusa tu nikajua. Ulikuwa ubao wenye balbu nane ndogo, na namba nilizoziandika mwenyewe kwa rangi ya kucha, moja hadi nane. Namba saba ilikuwa imechunika.

"Chako hiki," akasema.

"Cha gesti, mama."

"Basi cha gesti. Nataka kiwake tena. Pale pale juu ya benchi lake."

Nikasema nitaangalia. Ni neno ambalo fundi husema akiwa hana jibu, na Mama Kijazi analijua, kwa sababu amenisikia nikilisema tangu siku ambazo hata ufundi sikuwa nao.

Gesti yake ilikuwa na vyumba vinane, vinne huku na vinne kule, na korido katikati yenye sakafu nyekundu niliyoipiga rangi ya sakafu kila Jumamosi mpaka magoti yakafanana nayo. Mbele palikuwa na mapokezi, yaani meza nyuma ya dirisha la wavu, na nje ya dirisha, ukutani, benchi la mlinzi. Nyuma palikuwa na ua, bomba, jiko la mkaa, na stoo ya mashuka. Stoo hiyo ndiyo ilikuwa chumba changu. Nilifua mashuka asubuhi, nikalala humo bure usiku, na mchana nikapeleka machungwa stendi. Harufu ya sabuni ya mche na mashuka yaliyokauka juani bado inanifanya nihisi kama nimefika nyumbani, jambo ambalo mume wangu haelewi anaponiona nimesimama tu mbele ya kamba ya nguo.

Wageni wengi walikuwa watu wa mabasi ya alfajiri. Mtu anafika jioni kutoka Handeni, au anashuka kutoka milimani, analala, na kabla hakujapambazuka anadaka basi la kwenda Arusha au Dar au Tanga. Simu zilikuwa za wachache. Kwa hiyo mgeni akishalipa, alimwambia mlinzi, "Mzee, mimi wa Arusha," na kazi ya kumwamsha ikawa ya Mzee Mhando. Naye alikuwa na namna yake. Hakugonga akaondoka. Alisema, "Hodi, mgeni, kumekucha," akasubiri aitikiwe, halafu akauliza, "Unakwenda wapi?" Mpaka mgeni ataje mji, Mzee habanduki mlangoni. Niliwahi kumuuliza kwa nini anawasumbua watu na safari zao. Akasema mtu anaweza kuitika "ndiyo" akiwa amelala fofofo, lakini hawezi kutaja aendako akiwa usingizini. Nimelitumia hilo kwa wanangu wakati wa shule. Linafanya kazi, ila siku za mitihani wanasema wanakwenda kaburini.

Tatizo lilikuwa kwamba Mzee alikuwa ameanza kuchanganya vyumba. Saa zilikaa kichwani mwake vizuri, ila milango ndiyo ilihama. Siku moja alimwamsha wa namba tatu badala ya wa namba sita. Wa tatu alikuwa amekuja harusini, hana safari yoyote. Wa sita alikuwa na msiba Arusha, akaachwa na basi. Mama Kijazi alimrudishia mgeni yule hela ya chumba, na hiyo kwake ilikuwa kama kung'olewa jino.

Jioni ya siku ile nilikuwa nakamua mashuka uani nikamsikia akizungumza mapokezi na Fundi Elia. Elia alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano hivi, mwenye chumba karibu na stendi ambapo aliandikia watu barua kwa kompyuta na kutengeneza kompyuta za wengine, chache zilizokuwapo.

"Nataka kengele nane," Mama Kijazi alisema. "Kila chumba na yake, ijilie yenyewe saa ya mgeni. Unaweza?"

"Naweza, mama. Na Mzee?"

"Mzee mwisho wa mwezi anarudi kwao."

Usiku ule Mzee Mhando alipika bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda. Tulikula sahani moja kama kawaida, tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Alikuwa ameshaambiwa. Nikamuuliza, Kang'ata si kwenu, si una shamba? Akasema ndiyo, shamba analo, zuri tu. Akamega tonge, akalizungusha kwenye mlenda muda mrefu kuliko mlenda ulivyohitaji. "Lakini mjukuu wangu," akasema, "shamba halina mgeni." Sehemu yake ya mlenda alinisogezea, na nikaila, kwa sababu kukataa kungekuwa ni kusema kitu.

Asubuhi nilikwenda mapokezi na ndoo ya kupigia deki, nikapiga deki mahali palipokwisha kupigwa, mpaka Elia alipokuja kupima kuta.

"Fundi," nikasema, "kengele nane ni waya kiasi gani?"

"Mwingi. Unapita darini mpaka kila chumba."

"Na anayepanda darini ni nani, na analipwa na nani?"

Mama Kijazi akainua macho kwenye daftari la wageni. "Wewe Mwanaidi umeanza lini ufundi?"

"Sijaanza, mama. Nahesabu tu. Na mgeni akiizima kengele akageukia ukutani?"

"Atakuwa amejitakia."

"Hela ya chumba atairudisha nani?"

Nikaendelea kabla hajapumua. Nikasema, weka taa nane ndogo kwenye ubao mmoja, hapa hapa juu ya benchi. Waya hauzidi hatua mbili. Saa ya mgeni ikifika, namba ya chumba inawaka, Mzee anaiona, anakwenda kugonga.

"Kwa hiyo Mzee anabaki."

"Mzee yupo tayari, mama. Humnunui upya."

Sikumtetea Mzee. Nilitetea bei. Pale stendi nilikuwa nimeshajifunza kwamba ukimwomba mtu huruma anakupa robo, ukimwonyesha nafuu anakupa yote na kukushukuru. Mama Kijazi alikuna kichwa kwa kalamu. Kisha akatoa sharti lake, nalo nilikariri kama namba ya basi: mgeni mmoja tu akilalamika kuhusu kuamshwa, Mzee anakwenda kwao na ubao unakuwa kuni.

Kompyuta ilikuwa ya Elia, na ilibidi iwe karibu na ubao. Tukakubaliana ahamie mapokezi bila kodi: mchana aandike barua zake, usiku kompyuta ilinde wageni. Kazi yake nyingine nililipa kwa asali. Jogoo alikwenda kwa fundi redio, akatutolea transista nane kwenye maiti za redio zake. Godoro langu alilichukua kondakta mmoja, akanipa balbu za dashibodi, betri kuukuu ya gari, na waya. Nilirudi stoo nikakuta mkeka wa Mzee Mhando umetandikwa mahali pa godoro. Yeye alisema mlinzi mwenye mkeka ni mlinzi anayelala.

Kompyuta ile ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya siagi. Nyuma yake kulikuwa na tundu ishirini na tano, mahali pa kuchomekea printa. Elia aliniambia humo mna nyaya nane za kutoa habari, namba mbili mpaka tisa. Nane, nikasema, kama vyumba. Nane kama vyumba, akasema. Nadhani kama Mama Kijazi angekuwa na vyumba tisa, leo ningekuwa bado nauza machungwa.

Elia alikuwa akitumia Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, aliyoipata kwenye CD kutoka kwa mwalimu mmoja, na akaniambia ni ya bure.

"Ya bure ina nini?" nikauliza.

"Haina kitu. Ni ya bure tu."

"Kila cha bure kina kitu, kaka Elia."

"Basi kitu chake ni kwamba hakuna wa kumlalamikia."

Hilo nililielewa. Kisha akanieleza namna ya kuwasha taa, na hapo ndipo mwaka wangu ulipogeuka. Waya wa kwanza ni moja, akasema, wa pili ni mbili, wa tatu nne, halafu nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, mia na ishirini na nane. Ukitaka taa ya kwanza na ya tatu, unajumlisha moja na nne, unaituma tano. Alikuwa anajiandaa kurudia, kama watu wanavyomrudia binti wa machungwa, lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Ilikuwa chenji. Una sarafu nane, kila moja ni mara mbili ya mwenzake, na unazo moja moja tu. Bei yoyote mpaka mia mbili hamsini na tano unaweza kuilipa, na kila bei ina njia moja tu ya kulipwa. Hakuna ubishi, hakuna "nimekupa nyingine pale". Katika maisha yangu yote ya stendi sikuwahi kuona hela tamu namna ile.

Njia za kuuendesha mlango ule wa printa, Elia alisema, ni tatu. Ya kwanza, unaandika programu, unaomba ruhusa ya mtumiaji mkuu wa mashine, na unatupa namba moja kwa moja kwenye anwani ya mlango, 378 kwa hesabu za kompyuta, ambayo kwa hesabu zetu ni 888. Ya pili, kwa kuwa Linux hukifanya kila kitu faili, unafungua faili liitwalo /dev/port, unasogea mpaka nafasi ya 888, unaandika namba yako hapo. Ya tatu unapitia /dev/parport0: unafungua, unaomba umiliki wa mlango, unapewa, unafanya kazi yako, unauachia.

"Hiyo ya tatu ni hodi," nikasema.

"Ndiyo hodi. Mbili za kwanza ni kuruka ukuta, ila umeruka na kibali."

"Ipi fupi?"

"Kuruka ukuta."

Nikachagua fupi, kama mteja yeyote. Naye akaona sawa. Hodi tutaweka baadaye, akasema. Tukachomelea transista, kila moja ikipokea agizo dogo kutoka kwenye tundu na kufungulia balbu umeme wa betri, maana tundu lenyewe halina nguvu ya kuwasha balbu. Waya mmoja wa kurudisha habari tuliufunga kwenye waya wa ardhi ili usining'inie. Hatukufikiri kwamba kwa lugha ya printa hiyo ilikuwa na maana: niko tayari, leta.

Elia aliponiachia kibodi nikaandika namba moja. Taa ya kwanza ikawaka. Nikaandika mia mbili hamsini na tano, zote zikawaka, na Mzee Mhando, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe, akarudi nyuma kidogo.

"Kwa hiyo hii inalijua basi la Arusha?"

"Inajua saa, babu."

"Saa hata jogoo anajua."

"Jogoo hajui chumba."

Akafikiri. "Hapo kweli," akasema, akakaa kwenye benchi lake kama mtu anayejaribu kiti kipya.

Kila jioni Elia alichomoa waya wa printa, akachomeka wa ubao, nami nikaandika chumba na saa kwa kila mgeni, nikisoma mara mbili. Taa iliwaka, Mzee alikwenda, hodi mgeni, unakwenda wapi, Tanga, haya safari njema, na taa ikazimwa. Tukala bada kwa amani wiki nyingi.

Kisha akaja kijana mmoja saa tatu usiku, amelowa jasho, anataka barua ya posa. Wazee wake walikuwa wanapanda Vugiri alfajiri kuipeleka, na ile ya mkono ilikuwa imemwagikiwa chai. Elia akaiandika vizuri sana, yenye "kwa heshima na taadhima" mara mbili, akabonyeza kuchapa. Printa ikakaa kimya. Waya wake ulikuwa unaning'inia. Kwenye tundu kulikuwa na ubao. Na kwa kuwa sisi tuliruka ukuta, hapakuwa na mtu ndani wa kuiambia barua isubiri. Barua nzima ya posa ilipita kwenye taa nane, herufi kwa herufi, zikimetameta kama duka la pombe wakati wa Krismasi. Elia alikuwa amezipa mgongo, anakagua karatasi za printa. Mimi nilikuwa uani naosha sahani. Barua ilipoisha, alama yake ya mwisho ilikuwa ya kushuka mstari, ambayo kompyuta huiandika kumi. Kumi ni mbili na nane. Taa ya pili na taa ya nne zikabaki zinawaka, zimetulia, hazina haraka.

Mzee Mhando alirudi kutoka kuswali Isha, akaziona, akafanya kazi yake.

Wa chumba cha pili alikuwa mama wa makamo aliyekuwa anakwenda Tanga. Alitaja Tanga, akatazama saa yake, akafunga mlango. Wa chumba cha nne alikuwa Mmasai aliyetoka mnadani Handeni, anakwenda Arusha, hana saa wala simu. Alitaja Arusha, akachukua fimbo na shuka, akatoka. Tulipogundua, alikuwa ameshayeyuka gizani kuelekea stendi.

Elia alikaa chini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria kuni. Mzee alijaza chai kwenye chupa, akachukua vikombe viwili, akaniachia rungu na benchi, akaondoka. Alirudi jua limechomoza. Walikuwa wamekaa yeye na Mmasai stendi mpaka basi likaja, na Mzee hakuondoka mpaka alipoona fimbo imeingia ndani.

Mama Kijazi alipofika tulimweleza sisi wenyewe. Gesti ina kuta nyembamba, na habari ambayo hujaisema wewe husemwa vibaya zaidi. Akaenda moja kwa moja kwa mama wa chumba cha pili aliyekuwa anakunywa chai uani akisubiri basi lake.

"Nasikia umeamshwa saa tatu usiku. Unalalamika?"

"Nilalamike nini, mama? Nimeamshwa mara mbili, zote kwa heshima. Kwangu siamshwi hata moja. Nagongewa sufuria."

Akabaki Mmasai. Mama Kijazi alisema tutamsubiri, mtu wa mnadani hurudi. Tukamsubiri. Elia katika siku hizo aliiandika programu upya kwa njia ya tatu, na nusu yake aliniachia mimi niiandike: fungua, omba umiliki wa peke yako, tuma namba. Tangu hapo, programu yetu ikishaushika mlango, kazi ya kuchapa ilijibiwa kwamba kuna mtu ndani. Ilikuwa kazi nzuri, na huenda ilikuwa imechelewa. Mzee aliendelea kuangalia taa, ila mfuko wake wa safari niliuona umeshushwa kutoka juu ya kabati.

Mmasai alirudi baada ya mnada uliofuata, na wenzake wawili. Alisimama mbele ya dirisha la wavu. "Yuko wapi mzee wa chai?"

Mama Kijazi akajikaza. "Siku ile tulikuamsha vibaya, baba."

Mmasai akamtazama kama mtu anayesikia bei ya ajabu. "Kule kwingine nililala, basi likaondoka. Hapa basi halikuniacha." Kisha akaongeza, "Na mzee alikaa." Jina lake lilikuwa Saitoti, na akataka chumba kile kile cha nne.

Mama Kijazi hakutangaza lolote. Lakini asubuhi iliyofuata Mzee Mhando alikuwa kwenye benchi lake amevaa sweta la kufumwa la rangi ya kahawia, katika joto la Korogwe, anatiririka jasho na hathubutu kulivua. Alikaa pale miaka yote hadi macho yalipokataa, na hata hapo Mama Kijazi alimwachia chumba.

Leo nina duka la vifaa vya umeme Handeni, na watu huniita fundi bila kucheka. Nikiwajumlisha walionifikisha hapa, Elia aliyeniachia kibodi, Mama Kijazi aliyekubali kushindwa kwenye bei, mzee aliyelala chini ili mimi nilale kwenye mkeka, Saitoti na usingizi wake, najua kwamba upande wangu wa mizani haujawahi kusawazika. Niliujumlisha mara mbili, na mara zote mbili nilipungukiwa.

Ubao ni mzima. Nimeupima balbu moja moja kwa betri. Lakini kompyuta ya Elia ilikufa zamani, na za sasa hazina lile tundu. Niliagiza Dar kile kiwaya cha kuunganisha printa za zamani kwenye USB, nikagundua kinajua kuzungumza na printa tu. Hakikuachii nyaya nane uzishike mkononi. Nilimpigia Elia, siku hizi yuko Moshi, naye akasema, "Tafuta ya zamani, Mwanaidi. Na safari hii anza na hodi."

Kwa hiyo nauliza. Kama kwenye stoo ya shule, ofisi au nyumba yako kuna kompyuta ya rangi ya siagi yenye tundu ishirini na tano nyuma, usiitupe, nieleze ilipo. Kama unajua njia nyingine ya kuziwasha taa nane juu ya benchi lile, nielekeze polepole, nitaandika. Bei taja wewe kwanza. Sitapunguza.